Trei ya Dirishani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho, wafanyakazi wenzake baba, ndugu wageni waalikwa, mama yangu mpenzi, na wewe baba, uliyekaa hapo mbele ukinitazama kwa adabu kama unavyomtazama mgeni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Familia imenituma kumuaga kazini mtu mnayemwita Mzee Bado. Jina mlimpa wenyewe, na alilistahili. Mlimletea sarafu ya kale, maandishi yamelika, mnyama wake haeleweki kama ni simba au farasi aliyekosa majani, naye akaipima uzito, akaiinamisha chini ya taa ili kivuli kimwonyeshe herufi, akailinganisha na nyingine, na mwisho akasema, "Bado." Je, ni wangapi kati yetu wenye ujasiri wa kulitamka neno hilo mbele ya wakubwa?

Mheshimiwa Mwenyekiti, utaniwia radhi. Siku ya kufungua ukumbi wa sarafu ulimwambia kuhusu sarafu moja isiyotambulika, "Mzee, andika tu jina la mfalme yeyote, nani atabisha?" Akakujibu, "Mfalme mwenyewe ameshakufa, mheshimiwa, hawezi kubisha. Basi niache mimi nibishe kwa niaba yake." Ulicheka sana, na kibandiko kikabaki vilevile: asili haijulikani.

Desturi yake pia mnaijua. Sarafu zilizokwisha kutambuliwa zilifungiwa kabatini. Zisizojulikana alizipanga kwenye trei ya dirishani, penye mwanga, karibu na mkono wake. Utotoni nilimwuliza kwa nini hizo mbovumbovu ndizo zinapewa mahali pazuri. Akasema, "Mwanangu, zile za kabatini nimeshazijua. Hizi ndizo zinazotaka nizitazame kila siku."

Ndugu zangu, sasa maji yamezidi unga. Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina ya wafalme, tukadhani ni uchovu. Ukafuata majina ya majirani, tukacheka naye. Kisha ukaingia ndani ya nyumba. Inauma. Sina namna ya kulipamba jambo hili.

Leo asubuhi nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Akanishika kidevu, akanigeuza kuelekea dirishani, akanitazama upande huu na upande ule. Mama akamwuliza, "Baba watoto, huyu ni nani?" Mwingine angebahatisha jina ili aifiche aibu. Baba hajapata kubahatisha maishani mwake.

Akasema, "Bado."

Niligeuka nisionekane nikilia. Akanivuta mkono. "Usiende mbali," akasema. "Kaa hapa karibu, penye mwanga."

Kwa niaba ya familia, nawashukuru kwa miaka yote mliyomvumilia na kumpenda. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba ruhusa nirudi kwenye kiti changu. Ni kile pale dirishani, ubavuni mwa baba.