Jalada la Mzee Chome

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha majalada cha Kituo cha Afya Mkwajuni, Tiwi, Mzee Chome Kahindi anastaafu tarehe 30 Aprili 1999. Nimeombwa niandike mimi, Jacktone, niliyeletwa kutoka bara eti nimpumzishe kwa kompyuta.

Droo zake za kadi zilionyesha kila jalada lilipo, lakini hakuzifungua kila mara. Jina la nadra alilianzia kwenye kadi. Jina lenye watu tele, kama Mwinyihaji, aliziacha kadi akaipitia rafu nzima, kwani kadi zingemrusha huku na kule mpaka achoke. Aliamua kabla mgonjwa hajamaliza salamu.

Kompyuta nayo huamua hivyo hivyo. Ina faharasa yake, ndizo kadi zake, na kabla ya kutafuta hukisia itapata majalada mangapi kati ya mangapi, ndipo ichague njia. Makisio hayo hutoka kwenye hesabu ya mwisho iliyofanywa. Mimi niliiamuru ihesabu siku ya majaribio, ikiwa na majalada mia mbili, nikasahau. Tulipoingiza elfu arobaini bado iliamini ni mia mbili, na mia mbili ni rahisi kuyasoma yote bila kugusa faharasa.

Kosa hilo nusura limmalize Nusaiba wa Majoreni. Aliletwa akivuja damu baada ya kujifungua, hajitambui, na mumewe alikumbuka tu kwamba kuna dawa moja isiyopatana naye. Muuguzi Fridah alisimama na sindano mkononi akitungoja. Kompyuta ikawa inakwaruza, ikisoma kila mtu, walio hai na waliokwisha kuzikwa. Mzee Chome akafungua droo, akarudi na jalada.

"Mwanangu, hicho chombo chako kingali kiko mwaka jana," aliniambia. "Kiamuru kihesabu upya."

Nusaiba yu hai. Sikumshukuru mzee ipasavyo siku ile, namshukuru leo.

Tangu hapo twahesabu kila Ijumaa. Jana, kwa mzaha, niliiuliza kompyuta ingemtafutaje Chome Kahindi, mtu ambaye hajaugua hapa hata siku moja wala hana jalada. Ikajibu itatumia faharasa, na inatarajia jalada moja. Nikaiamuru ihesabu upya. Ikajibu moja.

Mzee wetu, ahsante kwa yote. Kapumzike kwa afya na raha, na ukipita Mkwajuni uje kutusalimu tu. Majalada matupu nimeyafungia kabatini, hilo moja lisije likafunguliwa, na ufunguo ninao mimi.