Ezra Molitari, Aliyeshuka Kila Kisiwa Isipokuwa Kimoja

Wapendwa wafiwa, ndugu zetu wa kisiwa cha Pentekosti, wakwe zetu mliotoka kisiwa cha Tana, majirani na mabaharia, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mjomba, na imesema nisiliruke lile la aibu, maana yeye mwenyewe aliagiza lisomwe.

Ezra Molitari alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, kijiji cha Lolbanga, kaskazini mwa kisiwa cha Pentekosti, mtoto wa tatu wa mzee Molitari, nyuma ya kaka yake Boe, huyu aliyekaa hapa mbele, na mama yangu. Alianza shule ya misheni mwaka 1961 akaishia darasa la sita mwaka 1966, baba yao alipofariki, ikabidi avunje nazi na kukausha mbata pamoja na Boe, na Boe ndiye aliyemfundisha mengi ya duniani, kuchimba kiazi kikuu bila kukikwaruza, kusaga kava, mzizi wa kinywaji chetu cha heshima kinachomtuliza mtu, kwa jiwe la matumbawe, na kumcheka mtu wa kisiwa kingine kabla yeye hajakucheka.

Mwaka 1971 alihamia hapa Luganville, na tarehe 4 Machi 1974 akaajiriwa kuendesha winchi kwenye meli ya mbata iitwayo Tamata, akaifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2009. Mabaharia wenzake mnajua alivyokuwa, alipita kutoka Torres kule juu mpaka Aneityum kule chini, kila kisiwa na lugha yake na pengine kila bonde na lugha yake, na kila mahali alijua namna ya kusalimia, wapi mtu anainama mbele ya mzee, wapi hupiti mbele ya shemeji, wapi unamaliza laplapu yote na wapi unabakiza kipande kwa heshima ya mpishi. Watu wa Malekula walimwita ndugu, watu wa Ambrim walimpa nguruwe, na wenzake walikuwa wakimtania, "Ezra, wewe mbwa wote wa visiwa hivi wanakujua, hawabweki."

Lakini Tana hakushuka, na sababu ni hii.

Tarehe 16 Septemba 1978 alifunga ndoa na Rahel, binti wa mzee Nauka wa Tana, hapa hapa Luganville, nguruwe wakatolewa, mikeka myekundu ikatandikwa, na jioni mzee Nauka akawaita wanaume nyuma ya nyumba, wanawake wakiwa mbali kama watu wa Tana wanavyotaka, ili anywe kava na mkwe wake. Alikuja na vijana wawili, wakaitafuna mizizi kwa meno, wakaitoa, ikachujwa, kwa kuwa ndivyo wanavyoiandaa kwao na ndiyo heshima yao, kisha mzee akampa Ezra kifuu cha kava kwa mikono miwili. Boe akasema kwa sauti, "Jamani, tumekuja kuoa au tumekuja kunywa mate ya watoto?" Watu wetu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na bwana harusi akawatazama ndugu zake, akacheka na yeye, akakiweka kifuu chini. Mzee Nauka hakugomba, alikiokota, akanywa mwenyewe, na kama desturi yao ilivyo, funda la mwisho akalitema hewani akasema maneno kwa wazee wake waliotangulia, na upande wetu hakuna aliyeyaelewa wala aliyeuliza.

Ndoa ilijaliwa watoto wanne, Nalin, Mathias, Lesi na Toma, na Rahel alikuwa akiwapeleka Tana kila mwaka kwa meli hiyo hiyo ya baba yao, meli ikifunga Lenakel, bandari ya Tana, anamwambia, "Baba watoto, mzee hana kinyongo, shuka tu," naye anajibu, "Safari ijayo," na macho yako kwenye winchi. Mzee Nauka alikuwa akifika gatini na kapu la viazi vikuu, anawapa mabaharia, anasema, "Mpeni mkwe wangu, najua kalala, kazi yake inachosha," na wenzake wanapanda nalo wakicheka, "Ezra, amka, viazi vya aliyelala vimefika!" Alivila viazi hivyo kwa miaka ishirini, na alimwambia mama yangu kwamba hajawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Mwezi Juni 1998 Tamata ilipofunga Lenakel walisikia kilio kutoka juu ya kijiji, wakaambiwa ni mzee Nauka. Rahel alishuka mbio na watoto, na Ezra alibaki akishusha mchele na saruji mpaka gunia la mwisho, akamzika baba mkwe kwa macho, kutoka melini, na tangu siku hiyo hakugusa kava ya aina yoyote.

Mwaka jana aliugua figo, akalazwa mara nne, na alipoona hali haibadiliki akamtuma Rahel amwite Iolu, kaka yake Rahel. Iolu alikuja na mzizi mbichi wa kava begani, akaketi kitandani, na Ezra akamwomba msamaha huku amejifunika shuka usoni. Iolu akalivuta lile shuka, akasema, "Shemeji, toka huko ndani, sikuja kuongea na kitambaa." Kisha akamwambia maneno aliyoyasema mzee siku ya harusi alipolitema lile funda, "Bahari impe mkwe wangu njia, na kila anapofika apate pa kushuka." Ezra alilia sana. Aliomba kifuu, daktari akakataa, na tarehe 9 mwezi huu, saa kumi alfajiri, alituacha kabla hajakinywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliotupikia, mabaharia mliombeba, na nyinyi wakwe zetu, mliokuja ingawa sisi hatukuwahi kuja.

Tukitoka makaburini wanaume wote tunakwenda alikofikia Iolu, vijana wake wameshaanza kutafuna kava, na mjomba Boe ameomba kifuu cha kwanza kiwe chake, amesema, "Mdomo wangu ndio uliomfunga mdogo wangu melini, basi mdomo wangu utangulie," na funda la mwisho atalitema akilitaja jina la Ezra mbele ya wazee wa Tana.

Mjomba, meli imefunga gatini, baba mkwe yuko ufukoni, shuka sasa, upumzike kwa amani.