Kaburi la Kwanza la Kijiji cha Kumi na Moja

Wazee wetu wa ukoo wa Shan mliotoka mlimani, majirani wa Kijiji cha Kumi na Moja na nyote mliofika kumsindikiza mama yetu, mimi ni Shan Yinping, mtoto wake wa kwanza, na kwa kuwa wapo wanaonong'ona kwa nini karatasi hii ya wasifu haikushikwa na mtoto wa kiume, jibu ni kwamba marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na mdogo wangu Deyu, huyo aliyejifunga kitambaa cheupe hapo mbele, hana kinyongo.

Mama yetu, Kou Juxiang, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika bonde la Koujiagou, wilaya ya Xiji, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, akaanza shule ya msingi mwaka 1961 na kuiacha mwaka 1964, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu chemchemi ilikuwa mwendo wa saa tatu na ndoo zilimtaka mtu wa kuzibeba. Kuanzia mwaka 1969 alichimba matuta ya mlimani pamoja na kikosi cha uzalishaji cha kijiji.

Tarehe 20 Januari 1974 aliolewa na baba yetu, Shan Wancang, baada ya washenga wa kwao kukagua visima vya kukingia mvua vya akina Shan na kukuta viwili, vyote vina vifuniko na kufuli, na hakuna aliyekumbuka kuuliza tabia ya bwana harusi. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1975, na mwaka 1978 Deyu, jina lenye maana ya kupata mvua, ingawa mwaka huo mvua yenyewe hatukuiona.

Tarehe 9 Septemba 1999 serikali ilituhamishia hapa kwa sababu ya ukame wa mlimani, mchanga mtupu, nyumba za matofali zilizopangwa mistari, na mfereji wa saruji unaoletewa maji ya Mto Manjano kwa pampu, kituo hadi kituo. Tuseme ukweli, jamani, tulikuwa washamba wa maji. Zamu yetu ya kwanza ya kumwagilia ilipofika, Mei 2000, Mama aliona ni dhambi kuyamwaga chini maji mazuri vile, akajaza mitungi, masufuria, beseni, hata shimo alilolichimba uani, na nusu ya kijiji wakafanya vivyo hivyo, saa zetu zikaisha, lango la mfereji likafungwa, na mahindi yakakauka huku kila nyumba ina maji ya kunywa hadi mwaka mpya. Chekeni tu, hata yeye alikuwa akicheka.

Baba hakucheka. Upepo ulipofukia miche mara ya pili, Aprili 2001, alifunga mizigo akarudi mlimani, na kaya kumi na tisa zikamfuata, lakini Mama akasema harudi ng'o. Alipanda mipopla, miti ya kukinga upepo, kuzunguka shamba, upepo ukaing'oa, akapanda tena, ikang'olewa, na hiyo mliyoiegemezea pikipiki zenu leo ni ya mara ya tatu. Mwaka 2004 kijiji kilimchagua kuwa mgawa maji, mwanamke wa kwanza, kazi aliyoishika miaka kumi na minne, na aliyeiba dakika moja ya zamu ya mwenzake aliusikia ulimi wake hadi mavuno. Baba alifariki mlimani tarehe 3 Februari 2009, tukamzika huko kwa heshima zote.

Mwaka 2019 mapafu ya Mama, yaliyokula mchanga muda wote huo, yalianza kumchosha, na Oktoba iliyopita akalazwa hospitali ya wilaya. Huko alitembelewa na Baba Mdogo Wanfu, mdogo wake marehemu baba, aliyemweleza kwa upole kwamba siku ikifika lori litakuwa tayari na nafasi ipo kando ya mumewe, kwani wafu wote wa kijiji hiki, tangu tuhamie, wamerudishwa mlimani, na mwacha asili ni mtumwa. Mama alijivua barakoa ya oksijeni akamjibu, nami nayasoma maneno yake kama alivyoyatamka.

"Shemeji, kule niliacha kiu, sikuacha asili. Kaka yako nilimsubiri hapa miaka minane, hakuja, basi na yeye asinisubiri. Mahali pasipo na kaburi ni kambi, na mimi sikuishi kambini."

Alifariki tarehe 6 Aprili 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Baba Mdogo, nakuheshimu, ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, lakini lori lako liko nje tangu asubuhi na injini inaunguruma. Lizime, tafadhali. Kaburi lilichimbwa jana, mwisho wa shamba, penye mipopla, na waliolichimba ni majirani wa koo saba. Lori halitarudi tupu, tutalipakia mahindi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika tambi siku zote hizi nne, na wagawa maji wenzake wa mfereji mkuu, ambao leo wameacha malango yao kuja kumbeba.

Pumzika kwa amani, Mama, umetangulia, na sisi tutakufuata hapa hapa. Zamu ya shamba letu ni kesho kutwa saa mbili asubuhi, na hatutakinga hata ndoo moja.