Karatasi Isitoke Chumbani

Alasiri moja, mwisho wa mwaka wa sitini na moja, mvua ilikuwa imepumua kidogo na benchi la Mzee Mbwana, muuza kahawa wa Chaani, lilikuwa na wenyewe: Bakari Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, na Mwidani Spana, fundi wa malori. Kati yao aliketi Masha, kahawa imempoa mkononi. Masha ndiye aliyeshika funguo za chumba cha mashine ya hesabu kwenye maghala ya bandarini. Mashine hiyo ndiyo iliyojua kila gunia liko wapi, na hakuruhusiwa mtu kuingia humo ila yeye. Karani huja kidirishani akauliza shehena yake. Masha huitafuta kwenye karatasi ndefu ya mashine, huinakili, humpa. Siku za kawaida hayo yalitosha. Sasa zilikuwapo shehena elfu tatu za unga na dawa za watu wa mafuriko, na malori yalikuwa yamelala siku mbili yakingoja.

— Mashine yataka grisi, akasema Spana.

— Grisi wapi! Mashine yamaliza mapema. Mkono wangu ndio uliovimba.

— Basi panua kidirisha, apite ng'ombe.

— Nikipanua, nitaota mikono mingine?

Redio akasogeza kofia.

— Yakhe, sikiza. Panga watu ishirini wenye sauti. Wewe wasoma, wa kwanza ampigia kelele wa pili, hivyo hivyo mpaka kwenye malori. Ikimfikia dereva...

— Ikimfikia dereva, unga umekuwa punda, akasema Mzee Mbwana.

Wakacheka. Masha naye akacheka, kisha akainama.

— Hodi hapo.

Alikuwa Dorcas, mshonaji aliyehamia mtaani mwezi ule.

— Karibu, dada.

— Kaka Masha, mama yangu yuko Garashi, maji yamemzunguka. Naambiwa malori yangoja wewe uandike. Kwani hao makarani hawajui kusoma?

— Wajua sana.

— Sasa mbona wawasomea?

Masha akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake aliling'oa pazia la dirisha kubwa la kioo la chumba cha mashine, lililotazama ukumbi wa makarani. Akasukuma meza mpaka kiooni, akaipitisha karatasi juu yake, maandishi yakielekea nje. Makarani wakajipanga na penseli zao, kila mmoja akichukua mistari yake. Karatasi ikiwakimbia, mmoja hugonga kioo, Masha akaisimamisha kidogo. Miaka minne alikuwa akiwajua kwa vidole tu, vilivyopita kidirishani. Siku hiyo aliwaona nyuso.

Meneja akaja mbio, masikio mekundu.

— Nilisema karatasi isitoke chumbani!

— Haijatoka, bwana.

Meneja alikitazama kioo. Akaitazama meza. Masha aliiona kazi yake ikining'inia. Kisha mlio wa lori la kwanza ukasikika langoni, na meneja akaenda zake. Kufikia alasiri uwanja ulikuwa mtupu.

Siku ya sita Dorcas akarudi benchini kwa Mzee Mbwana, akakaa bila kungoja kukaribishwa.

— Mama yu hai. Walikuwa wamepanda kilimani, kanisani. Unga umewafika.

— Alhamdulillahi! wakaitikia.

— Ameniagiza jina la aliyeuandika unga wake, amwombee.

Wote wakamgeukia Masha. Redio tayari alikuwa ameshatangaza mpaka Likoni kwamba ilikuwa kazi ya rafiki yake Masha peke yake. Masha akautazama mkono wake, ambao siku ile haukuandika hata mstari.

— Ni wengi, dada. Wengine majina siyajui.

— Nitajie uwajuao.

Dorcas akatoa penseli yake ya kuchorea vitambaa. Masha akaanza kuwataja polepole, mmoja mmoja, na asiowajua majina kwa sura zao, huyu ana pengo, yule ana kovu shavuni, na Redio, kwa mara ya kwanza benchini hapo, hakumkatiza.