Gari Lililoacha Kukohoa

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa ua wa Mzee Breki, dereva mstaafu. Muda wote gari la mzee lilipokuwa limepasuliwa kifua humo uani, hakuna aliyekaa kwenye ubao huo bila grisi vidoleni. Wote walishiriki. Spana, fundi wa mtaa, ndiye aliyeichomoa injini ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti la kibanda, akapachika nyingine ya kisasa iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Redio, kinyozi ambaye hajapata kuzimwa, alishika tochi na kutoa ushauri ambao hakuombwa. Shahidi, mlinzi mstaafu aliyeona kila kilichotokea duniani na vingine ambavyo havijatokea bado, alisukuma pale alipoambiwa asukume. Jana mchana gari liliwaka. Leo asubuhi wamekuja kusherehekea kwa kahawa, na mwenye gari amejikunja pembeni, kikombe kinapoa mkononi, kama mtu aliyetoka mazikoni.

— Mzee mwenzangu, alianza Redio, mbona umenuna? Gari limewaka bila hata kubembelezwa. Mimi nilitegemea leo utaimba.

— Limewaka, Breki akasema. Mungu ashukuriwe.

— Unashukuru kama mtu anayemeza dawa.

— Kushukuru nilishukuru jana. Leo nataka kumuuliza.

— Kumuuliza nani?

— Huyohuyo.

Spana aliweka kikombe chini. Maneno hayo yaligusa kazi ya mikono yake.

— Kama kuna nati inalegea, mzee, niambie mimi kwanza kabla hujampelekea Mungu.

— Hakuna nati inayolegea. Kazi yako safi, fundi. Safi mno. Jana nimefika getini na halijasikika.

— Si ndiyo sifa yake? Linatambaa kama paka.

— Ndiyo. Na shemeji yenu hakutoka.

Wote walijua habari za shemeji yao, mke wa Breki. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu, ukaanza na majina ya majirani, ukapanda hadi kwa watoto wake wa kuzaa, na mwisho ukamfikia mumewe. Asubuhi nyingine anaamka, anamtazama Breki kitandani, anauliza kwa adabu zote kama mgeni ameshapewa maji ya kuoga.

— Lakini gari alikuwa analijua, Breki akasema. Likikata kona pale kwa muuza mkaa, likikohoa vile, boneti likigonga, anaacha alichoshika. Anafunga kitambaa kichwani, anakuja kufungua geti. "Baba watoto, leo umechelewa." Hata kama sikuchelewa. Na akishasema hivyo, ananijua mpaka alale.

— Kwa hiyo wewe, Shahidi akasema polepole, kile kuzunguka mtaa kila asubuhi...

— Nilikuwa natoka ili nirudi.

— Na sisi hapa tunasema mzee anatembeza gari kama mbuzi.

— Niliwasikia. Mlikuwa mnasema kwa sauti.

Spana alikuwa akifuta vidole kwa kitambaa, ingawa vilikuwa safi.

— Mzee, sasa kwa nini hukuniambia? Ulinijia ukasema, "Fundi, nataka injini isiyonizimikia." Ndivyo ulivyosema.

— Ndivyo nilivyosema.

Na alikuwa na sababu. Ile ya zamani ilimzimikia barabarani akimpeleka mkewe hospitali, jua kali, magari yakipiga honi nyuma. Mama wa watu akalia, akafungua mlango, akataka kushuka katikati ya barabara akimkimbia dereva asiyemjua. Breki alimshika mkono kwa nguvu kuliko alivyowahi kumshika tangu waoane, na alama ya vidole ikabaki. Jioni ile, katika sala, aliapa kwamba haitatokea tena. Aliomba injini. Hakukumbuka kuomba na mlio.

— Jana nikashuka, nikagonga geti langu mwenyewe, akaendelea. Akachungulia. Akaniambia, "Mwenye nyumba bado hajarudi. Uje baadaye." Akarudi kukaa kwenye ngazi, anasubiri. Leo tangu alfajiri yuko palepale. Chai hataki. Anasema atakunywa na mumewe.

Muuza kahawa alijifanya anachochea mkaa.

— Raba za kushikilia injini nilibadilisha mimi, Spana akasema. Nilijisifu hata, nikasema sasa haitatikisika.

— Tobo la bomba la moshi niliziba mimi, Redio akasema. Hata hukuniagiza. Nilizidisha kiherehere tu.

— Boneti nililibana mimi na waya, Shahidi akasema. Lilikuwa linanikatiza usingizi wa mchana.

— Mlinisaidia, Breki akasema. Sijaja kuwashitaki.

— Hapana, ngoja. Linatengenezeka hili, Spana akasema akisimama. Nachomoa waya wa plagi moja. Injini itakwenda kwa kuchechemea, itakohoa yenyewe.

— Hii ina kompyuta, Redio akamkumbusha. Wewe mwenyewe ulituhutubia hapa. Ukiichokoza inawasha taa, inazima. Tutarudi kulekule barabarani. Mimi nasema tulitoboe bomba upya.

— Litanguruma, Spana akasema. Kunguruma si kukohoa. Ile ilikohoa kwa sababu kabureta ilikuwa na maradhi yake. Hii haina kabureta.

— Basi turudishe injini ya zamani.

— Lori la chuma chakavu lilishaichukua. Muda huu imeshayeyushwa.

— Hapo ndipo mimi nina neno, Shahidi akasema. Chuma hakina usahaulifu. Nilipokuwa lindo la kiwandani niliona kengele iliyofuliwa kutokana na kichwa cha treni, ikipigwa inavuta pumzi kama treni. Niliona kwa macho haya. Injini ile imeshakuwa sufuria mahali fulani. Tupite masokoni, tugonge sufuria moja moja, ile itakayokohoa tunanunua.

— Halafu shemeji aifungulie geti sufuria?

— Tunaifunga chini ya gari.

— Wahenga walisema... Redio akaanza.

— Wahenga waache wapumzike, Spana akamkata.

— Basi sikilizeni la kwangu. Sisi tuko hapa, vifua tunavyo, na sigara za ujana zimetuachia cha kutosha. Tunaingia garini wote, tunainama asituone. Likifika kwa muuza mkaa, tunakohoa. Shahidi atagonga boneti kwa ndani.

Spana alicheka kidogo. Hata muuza kahawa alicheka. Breki hakucheka.

— Nimeshakohoa, akasema.

— Eti?

— Jana. Alivyonifukuza getini nilirudi nyuma mpaka kona. Nikashusha kioo, nikaja nakohoa peke yangu, mpaka kifua kikauma. Akatoka. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa. Akanipa maji kwenye kikombe, kupitia geti. Akaniambia, "Pole baba, kapimwe hicho kifua." Akafunga.

Wakati huo alikuwa amekuja mpangaji mpya wa nyumba ya pili, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, na chupa ya chai mkononi, ajaziwe kahawa. Alikuwa amesimama kwa heshima akisubiri wazee wamalize, na wazee hawakumaliza, na yeye akasikia yote.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Baba, samahani, nimesikia bila kutaka. Kabla hujawa na gari, mama alikuwa anajuaje kwamba ni wewe umerudi?

 

Breki alitazama kikombe chake. Kabla ya gari alirudi kwa miguu kutoka kituo cha mabasi, miaka waliyokaa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na mlango ule hakuwahi kuugonga. Hilo analikumbuka vizuri. Akifika tu, ulikuwa unafunguka. Lakini mkewe alikuwa anasikia nini? Viatu? Funguo? Alikuwa akiimba njiani? Alimsalimia jirani fulani? Alitafuta, akaingia kila kona ya ujana wake kama mtu anayetafuta nati iliyodondoka ndani ya injini, akatoka mikono mitupu.

— Sijui, mwanangu. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani mlango unajifungua.

— Yeye angekukumbusha, Shahidi akasema, kisha akaonekana anatamani kulirudisha neno hilo.

Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya chupa ya yule dada. Yakatoka mashapo, kisha matone, basi. Hakuna aliyelalamika. Breki alisimama, akajipangusa suruali, akakata pembe ya ukuta hadi getini kwake. Kutoka kwenye ubao walisikia kila kitu, maana ukuta wenyewe ni mfupi.

— Hodi.

— Karibu. Mwenye nyumba hayupo.

— Najua, mama. Naomba nimsubiri hapa na wewe.

Komeo likavutwa.

— Basi kaa hapa kwenye ngazi, kuna kivuli. Hachelewi huyo. Gari lake utalisikia tu, linakohoa.

— Nalijua.

— Ukilisikia kabla yangu, unishtue. Masikio yangu siku hizi si mazuri, na yeye hapendi kukuta geti limefungwa.

— Nitakushtua, mama.