Kibao cha Chooni Kinastaafu Nami

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu Meneja wa Uzalishaji, Ndugu Afisa Ustawi, wasimamizi wa laini zote, wageni waalikwa, na ninyi wanangu wa laini ya kola mnaoniita Shangazi, hata wale mlionizidi umri: nawasalimu nyote, na waliosukumwa viti vya nyuma kabisa nawasalimu mara mbili.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kuaga, kisha niisifu kampeni mpya ya kiwanda iitwayo Kichwa Chepesi. Kuaga nitaaga. Kusifu, tutaona.

Mabango nimeyasoma. Yamebandikwa kuanzia getini hadi mlango wa bwalo, yana picha ya mwanamke anayecheka na glasi ya maji mkononi. Yanasema tunywe maji ya kutosha, tusianze siku kwa chai tupu, tule mayai, maharage, karanga, mboga za majani na matunda, tulale mapema, tupumzishe macho, ndipo kichwa kitulie na akili ifanye kazi. Ni kweli tupu. Sina ugomvi na yai wala na karanga. Ugomvi wangu ni na msumari ulio kando ya meza ya msimamizi, na kibao kinachoning'inizwa pale.

Wageni wetu hamkijui, niwaeleze. Kila laini ya washonaji ina kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Ukibanwa, unakiomba kwa msimamizi, unakivaa shingoni, unakwenda chooni, unakirudisha. Mwenzako akiwa nacho, wewe jikaze. Ukikiomba tena kabla ya chakula cha mchana, unaulizwa mbele ya watu: "Wewe una kibofu au bomba lililopasuka?" Wameulizwa hivyo watu wazima, wenye wakwe na wajukuu! Mniwie radhi kwa kuyataja haya mbele ya keki, lakini mficha uchi hazai.

Sasa mtu mwenye akili zake afanyeje? Anaacha kunywa. Msichana akiajiriwa kwenye laini yetu, kabla hajafundishwa kugeuza kola, mwenzake humnong'oneza, "Asubuhi usiguse maji, utaumbuka." Ikifika saa nne joto la pasi limepanda, vichwa vinagonga, na msimamizi anapita na kopo la vidonge vya maumivu kana kwamba anagawa pipi. Maji pekee tunayokunywa asubuhi nzima ni funda la kumezea kidonge! Na muuguzi wetu ametuambia wazi kwamba vidonge hivyo, ukivimeza kila siku, vyenyewe hugeuka kuwa sababu ya kichwa kuuma. Ndugu Afisa Ustawi, bango la kopo lile liko wapi? Kutuambia tunywe huku mmetuwekea kibao, si kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

Nina hasira, jamani, wala sitazificha kwa sababu mmenivisha shada.

Mama Pacha, simama mwanangu, watu wakuone. Huyu ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote, kola yake haihitaji kurudiwa. Mwezi uliopita alianguka juu ya mashine yake, pua ikapasuka. Mimi ndiye niliyemkalisha. Midomo ilikuwa imemkauka. Nikamuuliza, "Umekunywa nini leo?" Akanijibu kwa sauti ya kunong'ona, "Shangazi, jana nilivaa kibao mara mbili wakanicheka. Leo nikaona bora nisinywe kabisa."

Ndugu Meneja, ulipofika uliinua nini kwanza? Uliinua kola. Ukaziona zina damu, ukasema, "Huyu analala kazini." Mama Pacha amesimamishwa kazi, na Jumatatu kamati inakaa kuamua kama atafukuzwa. Halafu leo mimi niisifu Kichwa Chepesi! Chepesi kwa nani? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Lakini sikulelewa kuondoka bila kusifu. Mheshimiwa Mkurugenzi, zawadi yako ni nzuri mno: jagi la kioo na glasi zake. Aliyeichagua anaujua upungufu wetu kuliko aliyechora mabango. Nimeshaomba jikoni wanijazie.

Mama Pacha, njoo mbele. Glasi ya kwanza ni yako. Kunywa yote, mama, usibakize, hakuna wa kukucheka hapa. Ya pili ni yako, Ndugu Meneja. Kunywa, ni maji tu. Ukibanwa usihangaike, utakuja kuniomba mimi, kwa sababu kibao mlichokitafuta tangu asubuhi kiko kwenye mkoba wangu. Hiki hapa. Nakivaa shingoni, juu ya shada lenu.

Hakirudi msumarini. Mkiulizwa kiko wapi, semeni kimestaafu na Shangazi.

Nawashukuru wenzangu wa laini ya kola, mlioshona nami huku vichwa vikiuma na bado mkanichekesha. Nawashukuru wageni, mliovumilia maneno ya chooni. Asanteni kwa kunisikiliza, ila siketi bado. Mheshimiwa Mkurugenzi, kipaza sauti hiki hapa. Tuambie, mbele ya watu hawa wote: Jumatatu asubuhi Mama Pacha anakaa wapi, mbele ya kamati au mbele ya mashine yake?