Liwali Aliyelitoa Bonde la Sawada

Waombolezaji mlioketi humu hekaluni, nanyi mliokosa nafasi mkasimama uani kwenye matope, mimi ni mtawa Myosen, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Kaka yangu hakuvumilia kusifiwa mbele ya macho yake, alikuwa akiinuka na kwenda kuangalia farasi, lakini leo haendi popote, kwa hiyo atanisikiliza.

Marehemu Mizukoshi Tsunehira, Liwali wa Kiyose, alizaliwa tarehe tisa ya mwezi wa pili, mwaka wa pili wa enzi ya Genko, katika nyumba ya baba yetu kule bonde la Sawada, ambako wazee wetu wote wamezikwa. Alipofika umri wa miaka saba alipelekwa kwa watawa wa mlimani kusomeshwa, akakaa huko miaka sita, akarudi na mwandiko mzuri na makovu ya kupanda miti ya matunda ya watawa, na kwa kweli sijui ni lipi kati ya hayo mawili alilojivunia zaidi.

Alishika upinde vitani akiwa na miaka kumi na mitano, pale nchi ilipopata wafalme wawili, mmoja Kyoto na mwingine kwenye milima ya Kusini, kila mmoja akiita miaka kwa majina yake, hata sisi nyumbani tukawa hatuandiki mwaka kabla ya kuchungulia nje kuona ni jeshi la nani limepiga kambi karibu. Tarehe ishirini ya mwezi wa kumi, mwaka wa tatu wa Ryakuo, akiwa na miaka kumi na tisa, alimwoa Bibi Chigusa wa Onuki, mnayemwona hapo mbele, wakajaliwa watoto wawili, Hirochika na Kozasa, na mwaka wa nne wa Bunna shogun, jemadari mkuu wa Kyoto, alimteua kuwa Liwali wa jimbo lote hili.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnanikazia macho, nami sitapita pembeni.

Mwezi wa nne, mwaka wa tatu wa Enbun, Bwana Iwatsu Morikage wa jeshi la Kusini alituzingira kwenye ngome ya mlimani, nasi tulikuwa ndani pamoja na wakulima wote wa Sawada, waliokimbilia kwetu na watoto wao na kuku wao, na kutoka ukutani tuliona farasi wa adui wamefungwa katikati ya mashamba, na kando yake vitalu vya mpunga, miche ikiwa imeshakua ya kuhamishwa, ikianza kugeuka manjano. Mzee Gonda, mkuu wa askari wetu, alipiga magoti akasema, “Bwana mkubwa, tuna mishale ya siku moja. Tufungue lango tushuke, tufe kiume.” Askari wakaitikia kwa kishindo, na Hirochika, akiwa na miaka kumi na saba, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Hapo mjane mmoja wa Sawada, jina lake Inume, aliyekuwa anateka maji, akaitua ndoo yake. “Haya, nendeni mkafe,” akasema. “Nyinyi mtaimbwa na vipofu wenye vinanda mpaka Kyoto. Sisi miche ikioza tutakufa njaa mwakani, na sisi atatuimba nani?” Gonda akamfokea, “Nyamaza, mama! Unajua unaongea na nani?” Inume akamjibu, “Najua. Naongea na watu wanaokula wali.”

Kaka yangu alicheka, nawaapia, na ndicho kicheko kilichonitisha kuliko vita vyenyewe, kwa sababu baada yake alivua kofia yake ya chuma, akalegeza uzi wa upinde wake, akashuka peke yake kwa miguu mpaka kambi ya adui. Mnaijua desturi ya vita hivi, kwamba anayejisalimisha kabla ya kushindwa huachiwa roho yake na nusu ya ardhi yake, na Bwana Iwatsu alimpa heshima ya kugawa mwenyewe, akitarajia kupewa milima na mawe. Kaka yangu akampa bonde la Sawada, lenye mashamba yote mazuri, lenye nyumba tuliyozaliwa, lenye kaburi la baba. Aliporudi nilimuuliza kama amerukwa na akili, akaniambia, “Dada, nani anafunga farasi wake kwenye mpunga wake mwenyewe?” Kabla jua halijazama farasi wote walikuwa wameondolewa, na asubuhi wanawake wa Sawada walikuwa ndani ya maji, wamepinda migongo, wanapanda.

Hakuna aliyemshukuru. Walimwita Liwali Nusu, hata kwenye karamu mbele yake, naye alipokea kikombe akanywa. Hirochika alimwambia, “Baba, umeuza mifupa ya babu. Sitakanyaga Sawada ila na upanga mkononi,” akahama nyumba, na kwa miaka kumi na minane hawakula chungu kimoja. Kaka yangu hakujitetea kwake wala kwa yeyote. Mimi nimesali maisha yangu yote, na sijui kama ningeweza kubeba kimya kile hata mwezi mmoja.

Aliugua mwanzoni mwa mwaka huu wa pili wa Eiwa, akavimba miguu, kisha kifua, na tarehe tatu ya mwezi huu, alfajiri, alifariki mikononi mwa mkewe, akiwa na miaka hamsini na mitano. Tunawashukuru mganga Josen, aliyelala sakafuni kando yake, majirani walioleta uji na kuni, Mzee Gonda na askari wenzake, na Bwana Iwatsu Morichika, mwana wa adui yetu, ambaye jana alituma mjumbe kusema kwamba watu wa Sawada wamemwendea, Inume akiwa mbele na fimbo yake, wakamwomba akubali marehemu azikwe kwao, kando ya baba yake, na kwamba lango la mpaka litakuwa wazi leo.

Hirochika alipopata ujumbe huo aliuliza njia ya matutani, kati ya mashamba ya Sawada, ina upana wa watu wangapi. Mnamwona yuko wapi. Amevaa kandambili za majani, ameshika mti wa mbele wa jeneza, na kiunoni hana upanga.

Twende, kaka. Wanakusubiri nyumbani, ukalale.